Maswali ninayoulizwa kitini: nywele, ngozi, joging na mchezo wa pesa kwa msichana wa Dar

Nasuka nywele Sinza. Kichwa cha rasta ndogo kinakula nusu siku na ushee, na katika nusu siku hiyo mteja anauliza kila kitu: krimu, tumbo, mchezo, mawifi. Hapa nimekusanya yale yanayorudi mara nyingi. Mengine ni kazi yangu ya kila siku, mengine nayajua kwa sababu nakimbia na klabu ya mtaani na nimekuwa kijumbe, yule anayekusanya na kuandika hela za mchezo. Udaktari sina, na swali likifika kwa daktari nitakwambia uende.

Nywele za mbele zinakatika na paji linazidi kupanda. Nimerogwa?

Hujarogwa, umebanwa. Unywele ukivutwa kila siku kwa miezi, kwanza unakatika, kisha shina lake linachoka na kuacha kuotesha kabisa. Nywele za mbele na za pembeni ni laini kuliko za utosini, ndiyo maana zinatangulia kuondoka. Dalili hazijifichi: umetoka saluni, usiku huwezi kulalia ubavu, umemeza panado, na pembeni pametoka vipele kwenye mizizi. Watu wameyachukulia maumivu hayo kuwa ada ya kupendeza. Rasta iliyosukwa vizuri haiumi, iwe siku ya kwanza au ya tatu.

Mwambie msusi alegeze, na umwambie anapoanza, si akiwa amebakiza mistari miwili. Akinuna, anune. Jihadhari pia na rasta nyembamba zinazoshuka mpaka makalioni, kwa sababu uzito wote ule umening'inia kwenye vinywele vichache vyako. Ukiwahi, dawa ni kupumzisha tu: miezi kadhaa ya mitindo kama twende kilioni laini, vitunguu, au uzi usiovutwa. Mafuta ya mnyonyo, maji ya kitunguu, maji ya mchele, kila mtu ana lake na simkatazi mtu, lakini hakuna mafuta yanayoshindana na rasta inayobana. Ukiona ngozi ya pembeni imekuwa nyororo, inang'aa na vitundu vya nywele havionekani tena, acha kununua vichupa. Muone daktari wa ngozi.

Nikae na rasta muda gani?

Wiki sita, zikizidi sana nane. Najua hela ya kusuka inauma, na ndiyo maana mtu anafika mwezi wa nne anafunika na kilemba. Nikizifumua za namna hiyo huwa nakuta vifundo vya uchafu kwenye mizizi, na nywele nyingi zinaondokea pale kwenye kufumua.

Kichwa kinawasha siku mbili tu baada ya kusuka. Mba?

Huenda ni nyuzi zenyewe. Nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na utando wa kemikali. Ziloweke kwenye maji yenye siki kabla ya kuja, utaona utando mweupe unaelea juu. Suuza, anika, njoo nazo zikiwa kavu.

Niweke dawa au nibaki na nywele zangu?

Hilo ni lako, simwamulii mtu. Ila ujue unachopaka: dawa nyingi za kulainisha nywele zina kostiki soda, ile ile wanayotengenezea sabuni. Inavunja vifungo vya ndani ya unywele ili unyooke, na ikikaa zaidi ya muda wake inakula ngozi. Kichwa kikianza kuwaka, osha. Usisikilize "vumilia kidogo ishike". Usije na kichwa ulichokikuna jana, na wakati wa kurudia paka kwenye nywele zilizoota tu, si kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiamua kubaki na nywele zako, jiandae kwa kazi ya maji na subira. Dar ina unyevunyevu, nywele zilizonyooshwa kwa pasi asubuhi zinajikunja kabla hujashuka Posta.

Nikikimbia jasho linaharibu nywele?

Haliharibu, ila chumvi yake ikikauka kichwani inakausha na kuwasha. Osha ngozi ya kichwa kila wiki hata ukiwa na rasta, kwa shampuu iliyopunguzwa na maji. Uzikaushe vizuri kabla ya kufunga kilemba, maana rasta zilizolaliwa mbichi zinanuka, na harufu hiyo hata marashi hayaifuniki. Kama umeshaacha mazoezi kwa sababu ya nywele (na wanaofanya hivyo ni wengi), badilisha mtindo, usibadilishe mazoezi.

Kuna krimu Kariakoo inatakatisha kwa wiki moja. Ni salama?

Ngozi haibadiliki rangi kwa wiki moja kwa wema. Ikibadilika, ndani kuna kimoja kati ya vitu vitatu, au vyote kwa pamoja.

Cha kwanza ni zebaki. Inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, inapenya mpaka kwenye damu, inaharibu figo, na kwa mjamzito inamfikia mtoto. Kwenye boksi haiandikwi kila mara kwa jina unalolijua. Ukiona calomel au mercurio, ndiyo hiyo. Cha pili ni haidrokwinoni. Ikitumika muda mrefu inakugeukia, mashavuni panatokea weusi wa kibluu ambao ni mgumu kuuondoa kuliko weusi wowote uliokuwa unaukimbia. Cha tatu ni dawa za jamii ya steroidi, hasa klobetasoli, ambazo daktari anaziandika kwa ugonjwa wa ngozi na kwa muda mfupi. Ukizipaka kama mafuta ya kila siku, ngozi inakonda, mishipa inaonekana, michirizi inatokea mapajani na kwenye mikono, chunusi na fangasi vinapata makao. Kidonda kidogo hakifungi. Daktari akitaka kukushona, ngozi inachanika.

Halafu kuna mkorogo wenyewe, ule unaochanganywa dukani na kukabidhiwa kwenye kopo lisilo na jina. Ninachokichukia zaidi ni lile kopo. Hujui kilichomo, aliyechanganya hajui vipimo, na ukipata matatizo hata hospitali hawana pa kuanzia. Muuzaji anayekataa usome boksi ameshakujibu. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo bidhaa isiyosajiliwa unaweza kuwaripotia.

Na kusema kweli, mkorogo hauna siri mjini hapa. Vifundo vya vidole vinakataa kutakata, visigino navyo vinakataa, unabaki uso Fanta, miguu Coca. Maji ya kunde yako ilikuwa na kosa gani?

Nimeshatumia miaka. Naachaje?

Usiache ghafla peke yako kama ndani kulikuwa na steroidi, na kwa kuwa kopo halina jina, chukulia ilikuwemo. Ukiikata siku moja uso unaweza kuvimba, kuwaka moto na kutoa vipele kwa wiki nyingi, na wengi wanarudi kwenye mkorogo kwa kuogopa hapo. Nenda kwa daktari wa ngozi, beba makopo yako yote bila aibu, atakupangia namna ya kushuka taratibu. Huko kati paka kitu kisicho na mbwembwe: mafuta ya mgando, mafuta ya nazi, losheni isiyo na manukato.

Mtu mweusi anahitaji sanskrini, yale mafuta ya kukinga jua?

Weusi wetu unakinga kidogo, haukingi vyote. Dar iko karibu na digrii saba kusini mwa ikweta, jua linatupiga utosini karibu mwaka mzima. Kama una makovu ya chunusi yanayogoma kufifia, mara nyingi ni jua linayakoleza kila siku. Tafuta yenye SPF 30 kwenda juu, paka usoni na shingoni, na urudie kama uko nje. Inayokuacha kama umemwagiwa unga ibadilishe, zipo zisizoonekana. Kama bajeti hairuhusu, mwavuli na kofia ni sanskrini za zamani na hazina haya.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili si suala la urembo. Ni kinga ya saratani. Kule hospitali ya KCMC, Moshi, wanatengeneza mafuta yanayoitwa Kilisun mahususi kwa ajili yao. Kama una jirani au mdogo wako darasani, ulizia kliniki yanapatikanaje kabla ya kumnunulia losheni ya dukani.

Nina sendofu. Piko au hina?

Hina. Hina ya kweli haitoi weusi wa lami, inatoa wekundu wa kahawia, na inataka ukae nayo masaa. Ile nyeusi inayoshika kwa nusu saa ni rangi ya kupakia nywele, ndiyo piko yenyewe, na kuna watu inawababua mpaka malengelenge kwa umbo lile lile la ua walilochorwa. Ukishapata mzio huo mara moja, unaweza kuubeba maisha yako yote, na siku utakayopaka rangi nywele utavimba uso. Ukitaka kupendeza kama watu wa pwani wa zamani, kuna singo, liwa, asmini, udi. Hayo yanavumilika na yananukia kuliko chochote cha kwenye chupa.

Kucha na kope za kubandika?

Bandika, ila usivute ukichoka nazo. Kope usilale nazo kama ni za siku moja. Kucha zikiinuka upande mmoja na maji yakawa yanaingia chini, zitoe, hapo ndipo fangasi wanapoanzia. Na uliza vifaa vilioshwa lini na kwa kitu gani.

Nataka kuanza kukimbia, nianzie wapi?

Anza na watu. Nimeona wengi wakinunua viatu, fulana na saa ya kuhesabu hatua, wakakimbia wiki mbili peke yao, basi. Anayesubiriwa kona ya duka saa kumi na moja na nusu alfajiri anaamka.

Dar ina klabu za joging karibu kila mtaa, na kwa upande huu Temeke na Mbagala wametutangulia mbali. Jumapili asubuhi utawakuta wamevaa fulana za rangi moja, mmoja mbele na filimbi, wengine wanaitikia nyimbo. Ni mchakamchaka ule ule wa shuleni na wa JKT, ila safari hii hakuna mwalimu mwenye fimbo. Mwendo ni wa pole kwa sababu yupo mama wa miaka hamsini na yupo kijana wa bodaboda, na wote lazima wafike. Ukishindwa unatembea, na kuna mtu atabaki nyuma na wewe. Mwisho mnanyoosha viungo uwanjani, mnakunywa maji, na kwa klabu nyingine mnamalizia na supu na chapati tatu, ambazo zinarudisha kila kitu ulichokiacha barabarani. Hilo tunalisema kila wiki na hakuna anayeacha.

Klabu ni zaidi ya mbio. Wana kiingilio na mchango wa mwezi, mwenzao akifiwa wanakwenda, akilazwa wanamtazama, siku nyingine wanafagia soko au wanachangia damu. Ukiwa mgeni mjini, hiyo ndiyo njia fupi ya kupata ndugu. Kabla ya kulipa kiingilio nenda mara mbili tatu uwaangalie: wanawake wapo wangapi, viongozi wanaongea nao vipi, na hela za klabu zinaandikwa wapi.

Kama unapenda kukimbia kimya, Daraja la Tanzanite lina njia ya miguu na urefu wake ni kilomita moja na ushee. Watu wanalivuka kutoka upande wa Aga Khan mpaka Coco Beach na kurudi. Mlimani pale Chuo Kikuu kuna vilima vitakavyokutoa roho, ila kuna kivuli.

Viatu lazima viwe vipya?

Hapana. Karume kuna mtumba mzuri ukiwahi. Bonyeza soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama gogo, kiatu kimeshakufa hata kama juu kinang'aa. Tazama kisigino kimelika upande gani, maana utarithi mwendo wa mwenye nacho. Okoa hela hapo uiweke kwenye sidiria nzuri ya mazoezi, hiyo nunua mpya.

Alfajiri si hatari?

Peke yako, ndiyo. Mkiwa kundi, hatari kubwa ni gari na bodaboda, siyo wezi. Vaa rangi inayoonekana, kimbia ukitazamana na magari, usizibe masikio yote mawili, simu iache nyumbani au kwenye mkanda wa ndani ya nguo. Mwanaume akikusumbua klabuni au njiani, mwambie kiongozi siku ile ile. Likiwa zito, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Usiambiwe "mzoee tu".

Navaa hijabu, nitaweza?

Waliojaa klabuni kwetu ni nyie. Kitambaa chepesi kisichobana masikio, mikono mirefu ya pamba nyembamba, maji ya kutosha. Mwezi wa Ramadhani wengi wanahamishia mazoezi jioni kabla ya futari au usiku, na mwendo unapungua.

Mazoezi yatanifanya niwe na mwili wa kiume?

Magdalena Shauri, mkimbiaji wetu wa marathoni, alishika nafasi ya tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Tafuta picha yake, uniambie uanaume umeuona wapi. Misuli ile unayoiogopa watu wanaitafuta kwa miaka, tena kwa kula na kunyanyua vyuma kila siku. Haimvamii mtu kwa bahati mbaya.

Nataka kupunguza tumbo tu. Mkanda, chai au vidonge?

Mkanda unabana, ukiuvua tumbo linarudi mahali pake. Chai nyingi za kukonda ni dawa za kuharisha zilizovalishwa jina zuri, kwa hiyo kinachopungua ni maji. Vidonge vya kukonda na vile vya kuongeza shepu vinavyouzwa kwa kunong'onezana, jibu ni lile lile la mkorogo: kama havina boksi linalosomeka, usiviweke mdomoni.

Tumbo halipungui peke yake, mwili unapungua wote na tumbo linafuata kwa wakati wake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili za kutumia nguvu. Jimu si lazima. Kushuka daladala vituo viwili kabla, kuruka kamba uani, skwati, ndoo ya maji ya lita kumi kila mkono. Na mizani isikutie presha, inapanda kabla ya hedhi. Bibi zetu walijipimia kwa shanga za kiunoni: zikibana umenenepa, zikilegea umekonda.

Nile nini?

Unachokijua, ila ugeuze kiasi. Mchicha, matembele, kisamvu viwe vingi, ugali au wali upungue, dagaa na maharage visidharauliwe. Kwa mama lishe omba mboga mara mbili, wengi hawaongezi bei. Soda ndiyo ya kwanza kuondoa, maana unakunywa nyingi bila kushiba. Mihogo ya Coco na kachumbari kula kwa furaha, mara moja kwa wiki haijawahi kumnenepesha mtu.

Mchezo na kikoba, nijiunge na kipi?

Mchezo ni wepesi. Mko kumi, kila mwezi kila mmoja anatoa 50,000, mmoja anaondoka na 500,000, mwezi unaofuata mwingine. Hakuna riba, hakuna faida, ila unapata hela kubwa ambayo peke yako usingeiacha ikae. Unafaa kwa kitu kimoja unachokijua: kodi ya nyumba, cherehani, draya ya saluni. Hatari yake ni yule anayepokea mwanzo kisha simu haipatikani. Kwa hiyo wa mwanzo wawe watu mnaojua kwao, na wapya wapokee mwisho. Kijumbe aandike kwenye daftari mbele ya watu, na kila muamala wa simu utumwe kwenye kundi siku hiyo hiyo. Kijumbe anayesema "mimi naweka kichwani" ana kichwa kizuri, mpe hongera na usimpe hela.

Kikoba kina uzito zaidi. Mnanunua hisa kila wiki, mnakopeshana kwa riba ndogo, kuna mfuko wa jamii wa misiba na ugonjwa, na mwisho wa mwaka mnakivunja na kugawana faida. Vile vya zamani vina sanduku la kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu wasiokaa nyumba moja. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe, na usajili unapitia halmashauri. Usione ni usumbufu: kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu.

Kabla hujaingia popote, uliza swali moja: mwaka jana nani alichelewa kulipa, na mlifanya nini? Wakicheka wote na kumtaja, ingia. Wakitazamana, kunywa chai yao uondoke.

Michango ya harusi na sare inanimaliza. Nifanyeje?

Jiwekee fungu la mwezi na likiisha limeisha. Ahidi kidogo, lipa mapema. Kamati inamkumbuka aliyetoa 30,000 kikao cha kwanza kuliko aliyeahidi laki mbili na kuzima simu. Sare si lazima umshonee fundi wa gharama. Kitambaa kile kile kishone dera utakalolivaa tena. Wa karibu nenda kwenye kichen pati na kwenye harusi yenyewe. Wa mbali, chagua kimoja. Na kama huna kabisa, mpigie mwenye shughuli mwenyewe, usimtumie ujumbe kwenye kundi. Jitolee kazi: kupamba, kupokea wageni. Mimi nimeshasuka mabibi harusi kama mchango na hakuna aliyenung'unika.

Nimehamia mtaa mpya, simjui mtu.

Jitambulishe kwa mjumbe na kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Siku utakapotaka kufungua akaunti au kumdhamini mtu huenda ukahitaji barua yao, na ni vizuri wawe wameshauona uso wako. Salimia, hata kama umechelewa daladala. Ukisikia msiba, nenda. Huhitaji kumjua marehemu: funga kanga, kaa na wenzako, osha vyombo, toa rambirambi unayoiweza. Wanawake wa mtaa wanafahamiana kwenye masufuria ya msibani kuliko mahali pengine popote, na hapo ndipo utakapojua nani ana mchezo wa kuaminika na nani wa kumkwepa.

Jumapili unafungua saa ngapi?

Saa tano, maana asubuhi niko barabarani. Njoo umeshaosha kichwa, nyuzi zimelowekwa siki na kukauka, na umekula. Kama ni rasta ndogo, usijipangie kitu jioni.